Pale Palipobaki Peupe

Kifanya, Njombe
Julai 1954

Mwanangu Tabea,

Wasalimu wakweo wote hapo Makambako. Huku baridi imeunguza njegere zote za mama yako. Soksi za sufu ulizonifumia nilikuwa nazivaa kutwa.

Juzi daktari wa misheni alinipima miguu kwa sababu ya huu ugonjwa wangu wa sukari. Alinipaka dawa ya kahawia toka kifuani hadi nyayoni, ilipokauka akaninyunyizia unga mweupe. Kisha akaniketisha karibu na jiko la mkaa, akaninywesha chai ya moto mpaka jasho likanitoka. Kila mahali lilipotoka, unga uligeuka mweusi kama masizi. Kifua cheusi, mapaja meusi, lakini kuanzia magotini kushuka chini, mweupe pe!

Mama yako alidhani weusi ule ndio ugonjwa unaotoka, na kwamba miguu imepona. Akaanzisha wimbo wa kanisani, nami mpumbavu nikaitikia. Daktari alituacha tumalize ubeti. Ndipo akasema miguu haitoi jasho kwa kuwa mishipa yake ya fahamu imekufa. Nilimbishia. Miguu iliyonifikisha Makambako siku ya harusi yako ife bila kuniambia?

Jioni tulikuwa tunaota moto, nikimsimulia jirani ujinga wa daktari yule. Mama yako akasikia harufu ya sufu inaungua. Ilikuwa soksi yako, na mguu wangu ulikuwa ndani yake.

Jumatatu wanaukata. Usilie. Kama sufu ilibaki, nifumie soksi nyingine ya akiba, moja tu.

Ni mimi baba yako,
Efraimu