Saa Hushikwa Mkono wa Kushoto

Kilbrack, 14 Februari 1988

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumai kifua kimetulia huko Liverpool na watoto wa kaka Eamon hawakupigii kelele sana. Sisi hatujambo, ila tangu Krismasi mvua haijakatika, isipokuwa Alhamisi tu.

Baba, nimechefukwa. Alhamisi farasi wa Bwana Prendergast, yule Fionnán, alishinda mbio za viunzi za maili tatu. Nilikuwa kwenye kibanda chako cha mshika saa, saa yako mkononi, mkono wa kushoto kama ulivyonifundisha nikiwa na miaka saba. Bendera ikaanguka, nikabonyeza. Alipokata mstari nikabonyeza tena: dakika tano na sekunde hamsini na tisa. Watu wakarusha kofia juu, ati rekodi ya Nóinín, farasi wa babu, imevunjwa.

Rekodi gani? Jua lilikuwa chini, likiwapiga wapanda farasi machoni, kwa hiyo kiunzi cha mwisho kilifungwa na wote wakakipita pembeni. Tena uzio wa kona umesogezwa ndani kukwepa tope. Nimezunguka na gurudumu la kupimia: zimepungua yadi mia moja na arobaini. Hizo si maili tatu. Lakini Prendergast ndiye mwenyekiti wa kamati yetu ya mbio, na fundi keshaitwa kufuta jina la Nóinín kwenye jiwe la rekodi langoni. Prendergast anangoja tu sahihi yangu ya mshika saa. "Tia sahihi, binti," ananiambia, "saa haidanganyi." Nifanyeje?

Binti yako,
Dervla

*

Liverpool, 21 Februari 1988

Mwanangu Dervla,

Marahaba. Kifua bado kibovu lakini ulimi mzima, na leo nautumia.

Usitie sahihi! Prendergast huyo namjua tangu anavaa kaptula, hata kwenye mbio za magunia za shule alikuwa anaanza kabla ya filimbi. Leo anataka kuiba yadi mia na arobaini na kiunzi kizima, halafu aiite rekodi? Mwambie mimi nimesema anatia kinyaa.

Nilishika saa ile miaka thelathini. Tangu mwaka 1959, Nóinín alipomwondoa Seánín, farasi wa Lonergan, kwenye jiwe, hakuna aliyeligusa. Lonergan mwenyewe alikuja kwenye kamati kila mwaka, ananuka pombe, anaapa kwamba saa ilikosea. Alilalamika mpaka akaingia kaburini, na hakuna aliyemsikiliza. Rekodi ni rekodi. Simama imara.

Baba yako

*

Kilbrack, 6 Machi 1988

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Umeamkaje? Mimi mzima wa mwili.

Nilisimama imara, na nimefukuzwa. Prendergast alisukuma karatasi mbele yangu mbele ya kamati nzima. "Dervla, usitupotezee muda. Saa haidanganyi."

Nikamjibu, "Kweli, Bwana. Wanaodanganya ni wale wanaoitumia."

Wengine walipiga meza kwa kicheko. Yeye akawa mwekundu mpaka masikioni, akaniambia nirudishe funguo za kibanda. Saa sikurudisha, ni yako. Sasa nasugua madebe ya maziwa kiwandani, na mikono inanuka siki hata nikila. Lakini bila sahihi yangu wanakamati wameogopa, na jina la Nóinín bado lipo. Kila asubuhi napita langoni nalitazama, na roho inatulia. Niandikie upesi, Baba, niambie nilifanya vizuri.

Binti yako,
Dervla

*

Liverpool, 19 Mei 1988

Dervla mwanangu,

Najua umeandika tena Aprili na sikujibu. Safari hii usiniamkie. Shikamoo yako siistahili.

Siku ya Nóinín nilikuwa nimeshika saa mkono wa kulia. Bendera ilikuwa imeinuliwa, farasi wanasogea, na gari la maiti likapita barabara ya nyuma ya kibanda. Walikuwa wanampeleka Mama Keating kanisani. Nani kwetu angeacha kuvua kofia? Niligeuka, nikafanya ishara ya msalaba kwa mkono uleule wenye saa. Nilipowageukia farasi, bendera iko chini na wao wanakaribia kiunzi cha kwanza. Ndipo nikabonyeza. Nilichelewa sekunde saba. Labda nane.

Nóinín alimshinda farasi wa Lonergan siku ile, hilo ni haki yake. Rekodi haikuwa yake. Lakini babu yako alikuwa amemkumbatia farasi shingoni, analia mbele ya watu wote. Nikasema nitaeleza Jumatatu. Jumatatu fundi alikuwa keshafuta jina la Seánín. Kisha Lonergan akaanza kuja, nami nikawa nacheka pamoja na wengine. Nacheka, Dervla! Namtukana Prendergast kwenye barua, kumbe uchafu ni wangu. Umepoteza kazi kwa uongo wangu. Barua hii ifanye utakavyo.

Baba yako, kama bado unanihesabu

*

Kilbrack, 2 Juni 1988

Baba,

Nimeipeleka barua yako kwa mjane wa Lonergan. Aliisoma amesimama mlangoni, mikono ina unga. Hakunikaribisha chai, nawe unajua hapa kwetu maana yake nini.

"Sekunde ngapi?" akauliza.

"Saba."

"Kwa sekunde saba mlimwita mume wangu mlevi mpaka akafa. Alipokwenda kwenye kamati mara ya kwanza alikuwa hajawahi kuonja pombe."

Akafunga mlango.

Kamati nayo nimeisomea. Prendergast alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe mambo ya ukoo!" Alikubali haraka, maana kuliona jina letu likifutwa kunamtosha. Kesho fundi anamrudisha Seánín. Mjane nimempelekea habari.

Nilipokuwa na miaka saba niliishika saa kwa mkono wa kulia, ukanipiga kofi. "Kushoto! Kulia ni kwa Mungu." Miaka yote nimedhani ulikuwa unanifundisha dini. Kumbe siku ile ulijua ulichofanya, Baba, na kila siku uliyoniona nimeishika kushoto ulikumbuka, kisha ukala chakula chako.

Saa nimeifunga pamoja na barua hii. Sitaki kuigusa tena.

Dervla