Kichwa Kinachopona Jumamosi

Keringet, 9 Juni 2025

Mwanangu Kibii,

Hamjambo huko Free Area, Nakuru, wewe na Jepleting? Sisi tu wazima, mvua imenyesha vizuri na viazi vimeshika. Naandika kwa sababu kwenye simu hunikata kabla sijamaliza, na kesho jirani Odero anashuka Nakuru na gari lake, atakuletea barua hii.

Ni kuhusu binti yenu. Kila jioni Chepkemei akifungua daftari, kichwa kinamuuma. Jumamosi yuko nje na ng'ombe na hana neno. Mwalimu Makhanu anataka nimpeleke akapimwe macho. Nilimcheka. Mtoto huyu akisimama mlangoni hukuambia ng'ombe aliye kwenye kilima cha ng'ambo ni wa nani na kama ana mimba. Macho gani tena? Mimi Kogo, nyanya yake, nasema vitabu vimezidi.

Mama yako

Nakuru, 14 Juni 2025

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Jepleting anauliza kama goti lako limepoa.

Mama, kichwa kinachouma wakati wa vitabu na kupona Jumamosi nakijua. Mimi nilikuwa na tumbo la aina hiyo, ukalitibu kwa mwiko. Chepkemei unamdekeza. Mimi na mama yake tumeamua: muhula wa tatu anaingia shule ya bweni huku Njoro. Huko hakuna Kogo wa kumtetea. Usikasirike.

Mwanao, Kibii

Keringet, 24 Juni 2025

Kibii,

Goti ni zima. Nimekasirika, ndiyo maana nimekawia kujibu, lakini sasa nimeona jambo.

Jana nilivuta kigoda nikakaa naye akisoma. Anausukuma ule ukurasa mbali mpaka mkono unaisha, anafinya macho, halafu machozi yanamtoka wala halii. Nikamuuliza. Akasema, "Kogo, herufi zinakuwa mbili mbili. Nilidhani ni hivyo kwa kila mtu."

Nimemwendea Mwalimu Makhanu nikamwomba msamaha. Alhamisi wanafunga katikati ya muhula. Namleta mwenyewe kwako, kisha narudi kukamua. Mpeleke kwa daktari wa macho. Akisema ni uvivu, mchukue akalale bweni, sitafungua mdomo. Lakini ujue, bila yeye nyumba hii itakuwa kubwa mno kwangu.

Mama yako

Nakuru, 29 Juni 2025

Mama mpendwa,

Natumaini wewe na ng'ombe hamjambo. Barua hii anakuletea Chepkemei mwenyewe, Odero amekubali kumkalisha mbele.

Daktari Shakuntala alimtia dawa ya matone, akampima, akaniita. Mbali anaona vizuri, hukukosea. Karibu ndiko kunakomchosha: macho yanajikaza siku nzima darasani, jioni kichwa kinauma. "Baba, huyu si mvivu," akaniambia. "Wengine wangeacha kusoma kitambo." Nilikosa pa kuangalia. Nimemwita mtoto wangu mvivu, naye alikuwa anapigana peke yake. Tulipochukua miwani nilimwomba msamaha. Akajibu, "Sawa, Baba, lakini si uangalie vile hii miwani imenitoa mrembo."

Ni nyekundu, aliichagua mwenyewe. Tangu jana anasoma kila kitu: pakiti ya majani chai, chupa ya dawa ya kikohozi, maandishi kwenye fulana yangu. Jepleting amemsihi apumzike kidogo. Bweni tumeachana nalo. Miwani avae darasani na akisoma.

Mwanao, Kibii

Keringet, 15 Julai 2025

Mwanangu,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo, tena nina furaha, nakuambia wazi. Mtoto aliposhuka garini alinishika mashavu, akanikagua kwa ile miwani. "Kogo, kumbe uko na ndevu kwa kidevu." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na Jumapili kanisani alisoma somo lote bila kukwama. Nililia, na sijali nani aliniona.

Lakini jana alirudi kutoka shule ameshika kichwa. Nikamuuliza.

"Kinauma tena?"

"Sana, Kogo."

Nikamkalisha, nikamvua miwani. Paji la uso lilikuwa na nundu. Alikuwa anatembea huku anasoma, akaingia kwenye nguzo ya lango. Nikamkanda kwa maji moto, naye mkono ameunyoosha anaomba miwani yake, eti hadithi imefika karibu na mwisho. Nikamrudishia.

Mama yako