Msalaba Wenye Utepe wa Kike

Betanzos, 4 Oktoba 1998

Mwanangu Sabela,

Hujambo? Mumeo hajambo? Baridi ya huko Ujerumani imeshaanza kuwauma? Mimi nipo, ila moyo wangu ni ule ule wa kusuasua. Daktari wa La Coruña anasema atanipasua kabla ya Krismasi aniwekee vali mpya. Kakako Fiz hajambo, ananiletea kuni na kulalamika. Simu usipige. Sisikii kitu, naitikia tu ndiyo ndiyo kama zuzu. Niandikie.

Sasa kaa chini. Jana nilikuwa natoa nguo za marehemu baba yako niwapelekee watu wa kanisa, maana tangu tumzike sikuwa na moyo wa kuzigusa. Ndani ya boksi la brashi na rangi za viatu, chini kabisa, nikakuta kikasha cha sonara wa Madrid. Nafungua, msalaba! Msalaba wa ile nishani yake ya Ustahili wa Raia, ambayo cheti chake kinaning'inia sebuleni juu ya televisheni mpaka leo. Unakumbuka alivyokuwa akisema? "Serikali inakupa karatasi, Hermitas. Msalaba wenyewe unajinunulia. Mimi karatasi inanitosha." Miaka yote karatasi inamtosha, kumbe bwana ana msalaba kaufukia kwenye rangi za viatu.

Nikampelekea Don Cibrán, yule mfamasia mstaafu. Unajua mjomba wake alipewa nishani hiyo hiyo mwaka thelathini na tano, na tangu hapo ukoo mzima hauna jambo jingine la kuzungumza. Akavaa miwani, akaugeuzageuza, akachekea puani.

"Hermitas, huu si wa Xenaro. Mwanamume anavaa utepe ulionyooka. Utepe uliofungwa kipepeo namna hii ni wa mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Basi akaanza kunimwagia ngazi. Juu kabisa Mkufu, wa wafalme na marais. Chini yake Msalaba Mkuu, wenye mshipi unaokatisha kifuani, na mwenyewe unamwita Mtukufu. Kisha Kamanda wa Nambari, kisha Kamanda asiye na nambari, nisijue nambari ya nini. Kisha Msalaba wa Ofisa, kisha Msalaba hivi hivi, na mwisho kabisa Msalaba wa Fedha, "ule wa mumeo," akasema, kama anayetaja mkia wa mbuzi. Halafu eti kuna Utepe wa Bibi, wa wanawake wenye cheo cha kamanda. "Kwa hiyo mwenye huu ni mke wa balozi, Hermitas. Au zaidi."

Sabela, kichwa kimenivurugika. Baba yako alikuwa bawabu wa ubalozi mdogo wa Hispania huko Ujerumani, kazi yake kufungua mlango na kuufunga. Alimpata wapi mke wa balozi? Hata kama ni uhuni, si angetafuta wa ngazi yake?

Mimi namshuku yule katibu, Begoña Ulacia. Naye alipewa nishani mwaka ule ule. Siku ya sherehe walisimama wawili wakapigwa picha, mimi niko jikoni nageuza mayai na viazi vya wageni. "Kwa kuwahudumia wahamiaji," ndivyo balozi alivyosoma. Ile supu ya kabichi alipika nani? Wale wasichana waliokuwa wakishuka stesheni hawana kazi wala koti, walilala kwenye sakafu ya nani?

Nimeshaamua. Bwana wa bima ya mazishi atapita mwezi ujao, nimsainie karatasi ya kubadili kaburi. Kaburi letu la ukutani, lile tundu refu la watu wawili, mmoja nyuma na mmoja mbele, namwachia baba yako ajinafasi. Mimi mnizike kijijini Paderne, alikolala dada yangu. Daktari akikosea mkono, mjue hivyo.

Wewe uliishi nasi kule, ulikuwa na macho. Niambie uliona nini.

Mama yako

Ujerumani, 17 Oktoba 1998

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ni mvua tu na mafua ya Jürgen, ambaye anakusalimu sana. Pole na moyo. Dawa unakunywa, au unazificha tena kwenye kopo la kahawa?

Barua yako nimeisoma nimesimama ukumbini, koti sijavua. Sijui nikwambie nini. Baba? Baba huyu aliyekuwa akiwarudisha watu kwa kukosa picha moja ya pasipoti? Umesahau siku niliyokwenda na pasipoti iliyoisha? Alinitazama mimi, mwanawe wa kumzaa, akaniambia, "Binti, foleni inaanzia nje." Mtu wa namna hiyo ataanzaje kuwa na hawara? Angemwomba stakabadhi.

Lakini msalaba upo, umeushika mkononi. Kwa hiyo sielewi.

Nimekwenda kwenye maktaba ya kituo cha Wahispania nikasoma. Nishani hiyo ilianzishwa na Mfalme Alfonso wa Kumi na Tatu mwaka 1926, kwa ajili ya watumishi wa serikali na raia waliolifaa taifa. Jamhuri ilipoingia mwaka 1931 ikaifuta, ikaja kurudishwa mwaka 1942. Sasa mwulize Don Cibrán taratibu tu: kama ilikuwa imefutwa, mjomba wake mwaka thelathini na tano alipewa na nani?

Jambo jingine. Utepe wa kipepeo si lazima uwe wa cheo kikubwa. Wanawake wa ngazi za chini nao wanauvaa hivyo. Tazama madini. Ukiwa wa rangi ya dhahabu, haya, tumtafute mke wa balozi. Ukiwa wa fedha, ni ngazi ya mwisho, sawa na ya baba.

Nakuomba, mama, karatasi ya bima usiisaini. Nimezoea kuwaona wawili. Nikifika makaburini nianze kukata shauri niende kwa nani kwanza?

Binti yako,
Sabela

Betanzos, 2 Novemba 1998

Mwanangu,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Jürgen avae soksi, mafua yanaanzia miguuni. Mimi nipo vile vile, nikipanda ngazi napumzika katikati.

Ni fedha. Niliusugua kwa dawa ya meno ukang'aa. Kwa hiyo mke wa balozi hana kosa, nilimtukana bure. Don Cibrán nilimwuliza habari za mjomba mbele ya watu pale kwenye duka la mikate. Akawa mwekundu. Eti labda ilikuwa nishani ya Isabela Mkatoliki, maana hiyo Jamhuri haikuifuta. Sasa hata yeye hajui mjomba alipewa nini. Mji mzima umechanganyikiwa kwa sababu ya boksi la viatu.

Lakini Begoña naye alipewa wa fedha, Sabela. Nakumbuka vizuri. Utanificha nini?

Jana ilikuwa Siku ya Watakatifu Wote. Nilikwenda makaburini kama kila mtu, nikaosha lile jiwe la baba yako, nikalipangusa mpaka kwenye herufi. Maua nikampa marehemu wa tundu la chini yake, ambaye simjui. Watu waliona. Waone.

Bwana wa bima alikuja leo asubuhi, akanywa kahawa yangu, akauliza kwa nini nahama. Nikamwambia mume wangu ana mgeni. Ameniacha na karatasi. Kupasuliwa ni tarehe kumi na nne Desemba, na kabla ya kwenda nitakuwa nimesaini.

Begoña bado yuko hai, yuko huko huko kwenu katika nyumba ya wazee, nimesikia. Nenda ukamwulize usoni. Si wivu, mwanangu. Au ni wivu, sijui tena. Ninachotaka ni kimoja: nikilala kwenye kile kitanda cha chuma niwe najua ni nani niliyekuwa nalala naye tangu nina miaka ishirini na mbili.

Mama yako

Ujerumani, 25 Novemba 1998

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na unapumua vizuri. Jürgen amepona, soksi alivaa.

Nimekwenda. Nilipanda gari moshi jioni nikiwa nimejaa maneno, yote nikayasahau mlangoni. Bibi Begoña amekuwa mdogo, amepinda, lakini ulimi ni ule ule. Nikaona nisizungukezunguke. Nikamwambia, "Mama yangu amekuta msalaba wa kike kwenye vitu vya baba. Anauliza kama ni wako."

Akacheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

"Wangu? Fungua droo hiyo." Nikafungua. Wake upo, mama, na utepe wake, na cheti chake. "Mimi na Xenaro? Mwanangu, mtu yule alinizuia mlangoni siku niliyopaka nywele rangi, kwa sababu sikufanana na picha ya kitambulisho!"

Nikamwuliza, sasa ule ni wa nani?

Akaacha kucheka. Akanisimulia kwamba likizo ya mwaka ule walifika Madrid kwa treni moja, wakaenda pamoja kwa sonara, kila mtu anunue wake. Sonara akamletea baba msalaba wenye utepe ulionyooka. Baba akausukuma nyuma. "Wa kipepeo."

"Bwana, wa kipepeo huvaliwa na wanawake."

"Najua. Atakayeuvaa ni mwanamke."

"Yeye ana cheti?"

Bibi Begoña anasema baba alikung'uta kofia yake vumbi ambalo halikuwepo. Akasema, "Kinakuja."

Mama, alikuwa anakuombea wewe. Nishani hiyo mtu hajiombei wala haombewi na mumewe, lazima wakubwa wakupendekeze. Basi akamwendea balozi, kofia mkononi: "Mheshimiwa, kazi aliifanya mke wangu. Mimi nilikuwa nafungua mlango tu." Akaambiwa, tutaona, Xenaro. Balozi yule akahamishwa, baba akaanza upya kwa mwingine. Tutaona, Xenaro. Alipostaafu na kurudi Betanzos akawa anamwandikia Bibi Begoña kila Krismasi kumwuliza kama kuna lolote. Hapakuwa na lolote.

Nikamwambia, "Lakini si angempa tu? Angeuweka mezani akamwambia, Hermitas, huu ni wako?"

Akanishangaa. "Xenaro? Ampe mtu msalaba bila cheti?"

Nililia kwenye treni mpaka mama mmoja wa Kijerumani akanipa peremende. Nina hasira naye na nimemkumbuka kuliko siku tuliyomzika. Sijui wewe utajisikiaje. Tafadhali nijibu kabla ya tarehe kumi na nne.

Binti yako,
Sabela

Ujerumani, 19 Desemba 1998

Mama,

Shikamoo. Nimengoja jibu lako mpaka tarehe kumi na nne imepita. Umenyamaza. Fiz amenipigia kusema umepasuliwa, uko hai, na umeshagombana na mwanamke wa kitanda cha pili. Nimeshukuru Mungu. Lakini nilipomwuliza habari za karatasi ya bima akasema hajui, na kwamba kuhusu baba hutaki kusema neno. Ulisaini? Barua yangu ilifika? Niandikie hata mstari mmoja.

Sabela wako

Betanzos, 28 Desemba 1998

Mwanangu Sabela,

Usiniue kwa maswali, nipo. Mumeo hajambo? Mimi nina kovu toka hapa mpaka hapa, na vali yangu mpya inagonga vizuri, nikilala naisikia, mimi nisiyesikia simu.

Barua yako ilifika siku mbili kabla ya safari. Niliisoma, nikaiweka, nikamenya viazi, nikaisoma tena. Angekuwa mwanamke mwingine ningejua la kufanya. Ningesaini, ningelaani, ningelala. Kwa hili sikujua nilie au niende makaburini nikampige. Mpumbavu yule! Miaka yote ile amelalia msalaba wangu anangoja muhuri! Mimi nakula chakula naye mezani nimenuna kwa sababu hakuna aliyesema asante, na asante yenyewe iko chumba cha pili inanuka rangi ya viatu. Kwa nini sikujibu? Kwa sababu kila nikishika kalamu nilikuwa namwandikia yeye.

Karatasi ya bima niliwashia jiko.

Nilikwenda hospitali na ule msalaba kifuani, upande wa kushoto, kipepeo chake kimenyooshwa kwa pasi. Muuguzi akaniambia, "Bibi, vua vyuma vyote." Pete nikavua, hereni nikavua. Akaonyesha msalaba. Nikamwambia, "Huu hauna cheti, binti, kwa hiyo haupo." Akacheka, lakini mwishowe aliuvua, akaufunga kwenye kitambaa, na nilipozinduka ulikuwa mkononi mwangu. Sijui alifanyaje.

Nimeuvaa kwenye misa ya Krismasi. Don Cibrán akanivuta pembeni: "Hermitas, kuvaa nishani ambayo hukupewa ni kosa la kisheria." Nikamwambia Mfalme aje mwenyewe kunivua, nitamkaangia mayai na viazi, nimeshawakaangia wakubwa zaidi yake na hawakusema asante. Kisha nikamwuliza mjomba hajambo.

Leo Fiz alinipeleka makaburini kwa gari. Safari hii maua nimempa mwenyewe. Nilisimama pale nikamsema mpaka nikachoka, mlinzi akadhani nimerukwa na akili. Bado sijamaliza. Naona nitahitaji muda mrefu.

Kwa hiyo siku yangu ikifika, mniweke naye kule kule. Mniveshe msalaba, cheti msikitafute. Ila mwambie fundi wa makaburi baba yako asukumwe ndani kabisa, mimi nikae upande wa mlango. Mlangoni yeye amekaa vya kutosha.

Mama yako