Mwambie Baba Yako

Jumapili, 5 Agosti 1951

Leo tena Mama kaanza! "Mwanahawa, mwambie baba yako mkaa umekwisha." Baba yuko hapo barazani kwenye cherehani, anasikia kila neno. Lakini lazima niende nikamwambie. Naye: "Mwambie mama yako, kesho." Mama kasikia, bado ananingoja mimi. Hivi hawa wana akili kweli?

Tangu Baba amwache Mama, mambo ndiyo haya. Ameachwa, lakini haruhusiwi kuondoka. Anakaa eda chumba cha nyuma. Anapika, Baba anakula. Baba analala chumba cha mbele na majora yake ya vitambaa. Sielewi. Sasa Mama ni mke wa nani?

Jumatatu, 6 Agosti

Nimemwuliza Shangazi Mwanajuma. Anasema talaka ni moja tu, kwa hiyo kabla eda haijaisha Baba anaweza kusema "nimekurejea" — basi, yamekwisha. Asiposema, Mama anarudi kwao Usinge. Na eda imebaki kidogo tu.

Nikamwuliza, na mimi je? Shangazi akaniambia nichambue mchele.

Neno moja! Baba kutwa anapiga soga na wateja. Hili moja linamshindaje?

Jumatano, 8 Agosti

Baba kapanda lori kwenda Nzega. Huko watu wameuza pamba, wanataka kanzu na magauni. Alipoondoka tu, Mama akanichungulia mlangoni: baba yako kaacha neno lolote?

Nilitaka kusema hapana. Nikasema: "Amesema amekurejea."

Limenitoka tu! Mama akakaa chini, akalia, akacheka, akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Nilifurahi. Halafu nikaogopa. Labda Baba alitaka kusema hivyo hivyo, akasahau? Maneno yao yote napeleka mimi, na hili nimelipeleka. Sijui. Sijui kabisa.

Alhamisi, 9 Agosti

Mama kahamia chumba cha mbele na godoro lake. Kafukiza udi. Anaimba! Nikaanza, "Mama, lile neno..." Akanishika mkono, akanipaka hina. Nikampa na mkono wa pili.

Ijumaa, 10 Agosti

Baba amerudi baada ya swala. Mama kampokea mzigo yeye mwenyewe, kanga mpya, udi unanukia nyumba nzima. "Karibu, Baba Mwanahawa."

Baba akalitazama godoro. Akanigeukia mimi. "Mwambie mama yako..." Hakumaliza.

Nikakimbilia stoo. Naandika hapa juu ya gunia la karanga. Wanaongea! Wenyewe kwa wenyewe, bila mimi! Mama anauliza, kwani hukusema? Baba anajibu kwa sauti ya chini, simsikii. Mama ametaja jina langu. Sasa analia — au anacheka? Namwomba Mungu Baba aseme neno lile. Aseme tu.

Nasikia godoro linaburutwa.

Wananiita. Baba yuko barazani, Mama karudi chumba cha nyuma, wote wanaita kwa pamoja. Niende kwa nani kwanza?