Uso Nilioupa Jina la Kubuya

Papa,

Kaye yako, daftari lako la nyuso, haiko tena nyumbani. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaogopa na kuishia hapo hapo, kama nilivyofanya mara mbili wiki hii. Iko kwa ajenti wa serikali, ofisini kwake kule posti, ndani ya kabati la chuma. Nyuso zote ulizochora miaka yako ya kutibu wagonjwa dispansere zimo mle isipokuwa mmoja, kila uso na jina lake kando. Na mimi ndiye niliyeifikisha huko.

Unakumbuka ulivyoanza kunifundisha? Ulisema akina Maria walikuwa wengi mno hapa Mweso, na dawa ya mmoja ingeweza kumuua mwingine, kwa hiyo kando ya kila jina ulichora uso. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikamchora Mama, macho yake nikayapandisha karibu na nywele. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukachukua kijiti ukanipima kichwa, ukanionyesha kwamba macho yako katikati kabisa, na kwamba kati ya jicho na jicho panaenea jicho lingine. Sikio linaanza usawa wa nyusi, linaishia usawa wa pua. "Usichore jicho yenye unajua," uliniambia. "Chora ile uko unaona."

Vipimo nilivishika ndani ya mwaka. Maumivu na hofu ndivyo vilivyonishinda. Nilikuwa nachora mdomo wazi na kudhani nimemaliza. Ulinikalisha kwenye benchi pamoja na wagonjwa, ukaniambia nisitazame mdomo wa mtu anayedai hajambo, nitazame kope la chini. Mwenye maumivu hulifinya. Mwenye hofu hulikaza, na nyusi zake hupanda upande wa ndani na kukaribiana. Nilichora hofu mara nyingi sana, nikitazama uso wangu kwenye kioo, na kila mara ulirudisha karatasi: "Huyu iko anaigiza."

Ulikufa mvua zilipoanza. Miezi saba baadaye ajenti alikuja nyumbani mwenyewe, na polisi wawili. Kubuya, yule kijana wa mlimani uliyemtibu kidonda cha mguu, alikuwa amempiga kapita, msimamizi wa kazi ya barabara, kwa mpini wa jembe na kumvunja mkono. Kapita alikuwa amemchapa fimbo mke wa Kubuya, mwanamke mwenye mimba. Kubuya alikimbia. Kijijini kila aliyeulizwa alisema hamjui. Na mtu fulani, sijui nani mpaka leo, alimwambia ajenti kwamba munganga marehemu alikuwa akichora kila aliyetibiwa.

"Kesho saa sita nataka ile karatasi," alisema. Aliitazama nyumba yetu polepole, kona kwa kona, kisha akaondoka.

Mama alifunga mlango. "Umupatie," alisema. "Bakitufunga, nani atatuletea chakula?" Akakaa chini. Baada ya muda akasema: "Hapana. Usimupatie. Mutoto wake iko karibu kuzaliwa." Halafu akalia, maana yote mawili yalikuwa kweli.

Nilifungua ukurasa wa Kubuya. Ulikuwa umemchora vizuri mno, Papa. Mashavu membamba, kidevu kirefu, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Polisi yeyote angemjua njiani. Niliukata kwa wembe nikautia motoni, chini ya sufuria ya maharagwe. Kazi ya mkono wako. Unisamehe hilo kwanza.

Kisha nikachora mtu mwingine. Niliiga mwandiko wako wa jina, nikaiga ulivyokuwa ukikoza kivuli chini ya pua. Pua nikaipanua, kidevu nikakifupisha, nyusi nikazishusha, masikio nikayabana kichwani. Sikuweka kovu wala pengo la jino, kitu ambacho mtu angeweza kukitafuta. Nilidhani uso usio wa mtu hauwezi kumdhuru mtu.

Ajenti aliupokea, akaukunja, akaenda zake. Wiki tatu nilikula na kulala vizuri.

Siku ya soko mke wa Kubuya alinivuta nyuma ya wauza mihogo. Alinong'ona, mkono juu ya tumbo. "Banasema bamemukamata kule Walikale. Lakini si yeye! Bwana yangu iko ngambo ya ziwa, alinitumia neno juzi. Sasa bamekamata nani?"

Mimi nilijua: mtu mwenye uso nilioutunga.

Kesho yake tulitoka, mimi na Mama, tukafika posti siku ya pili. Nilibeba kaye, nikifikiri itanisaidia kueleza. Huo ndio ujinga wangu, nao siwezi kumsukumia mtu mwingine.

Mtu waliyemkamata alikuwa ameketi chini uani, mikono imefungwa kamba. Anaitwa Benedikto, ni mwindaji, walimkuta amepanda kutoka msituni kuuza nyama kando ya barabara. Pua ile. Kidevu kile. Masikio yamebanwa kichwani. Nilitamani kugeuka nirudi Mweso bila kusema neno. Na juu ya uso niliodhani nimeutunga kulikuwa na hofu yenyewe, ile ambayo sikuwahi kuiweza: kope la chini limekaza, nyusi zimepanda, na mdomo umefungwa kabisa, umebana kama wa mtoto anayekataa dawa. Miaka yote nilikuwa naufungua mdomo, Papa.

Kapita alikuwapo, mkono kwenye bendeji. Alikuwa na siku mbili tu kazini alipopigwa, na uso wa Kubuya hakuushika. Alitaka tu mtu wa kulipia mkono wake. "Njo yeye," alikuwa anarudia, akiapa kwamba ndiye. "Njo yeye." Asubuhi iliyofuata kamyo ingempeleka Benedikto kwenye gereza la mbali.

"Bwana, si yeye," nilimwambia ajenti. "Uso huu nilichora mimi. Nilitunga."

Hakuamini. Alisema mwandiko ni wa munganga, na kwamba ndugu wa Kubuya wamenituma. Akaniingiza ofisini, akanikalisha nikiwa nimeupa mlango kisogo ili nisiuone ua, akasukuma karatasi na kreyo mbele yangu. "Chora tena."

Nikikosea, Benedikto anakwenda gerezani. Nikipatia, nimejishuhudia mwenyewe kwamba niliidanganya serikali, na Mama yuko pale mlangoni. Mstari wa kwanza ulikwenda kombo, nikaugeuza kuwa kivuli cha shavu. Nikapima kwa kidole gumba. Macho katikati. Nikapanua pua, nikafupisha kidevu, nikakoza chini ya pua kama wewe. Jasho lilidondoka kwenye karatasi, nikaogopa atasema nimeichafua makusudi.

Aliweka nyuso mbili pamoja mezani. Akalinganisha pua kwa pua, kivuli kwa kivuli, akaona ni kazi ya mkono mmoja. Kisha akawaita polisi wakamkate mtu yule kamba, na mimi wanifunge.

Nilikaa siku nane. Mama alibaki kule kule posti, akaniletea chakula kila siku, hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko kufungwa. Siku ya kutoka niliomba nirudishiwe kaye. Ajenti alikuwa anaifungua ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. "Hii itatusaidia," alisema.

Ulichora ili usikosee dawa. Lakini mle wamo wale waliotoroka mashamba ya wazungu wakaja kwako na migongo iliyochanwa kwa fimbo. Nyuso zao, majina yao, vilima vyao. Sasa polisi akipita barabarani, hata mchana, najiuliza amebeba uso wa nani mfukoni. Jumapili baada ya misa napanda kilima kimoja kimoja, nawaonya ninaowakumbuka. Wengine wananishukuru na kufunga mizigo siku hiyo hiyo. Mmoja alinitemea mate. Siwakumbuki wote, Papa. Hilo ndilo linaloniamsha.

Na kuna Benedikto. Alipofunguliwa, polisi wakiwa wamenishika uani, alikuja mbio akanikamata mikono yote miwili. Ya ofisini hakuyasikia. Alijua tu kwamba mwanamke fulani ametembea siku mbili kuja kusema si yeye. "Aksanti, mama," alisema. "Aksanti sana. Mungu akulinde." Nami sikumwambia kwamba uso ule niliuchora mimi. Nilimwacha aende na shukrani zake.

Jumatatu nashuka kwenda kwao, kupitia Nyabiondo mpaka msituni. Mama hataki. Na mimi naogopa. Ndugu zake sijui watanifanya nini.

Pumzika, Papa. Usiniombee niache kuogopa, niombee tu nisirudie njiani. Nakuahidi nitakaa mbele yake mchana, macho yangu kwenye macho yake, na nitamwambia kwamba mikono ile aliyoishika ndiyo iliyomfunga.

Binti yako,
Furaha