Mvinyo wa Mwende

Jumanne, Huruma

Makomredi, ninyi msiolisoma daftari hili, leo tumemshinda msichana mmoja mwenye chupa.

Kesho dada yangu Mwende ana usaili wa kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli moja ya mjini. Aliomba afanye mazoezi mbele yetu kikaoni, tukiwa tunakula samaki wa kukaanga. "Huu ni mvinyo mweupe wa Kifaransa, mseto wa zabibu aina mbili," alisema. "Unaanza na ladha ya ndimu, kisha asali kwa mbali. Unafaa kwa samaki na jibini ya mbuzi."

"Na sukuma wiki je, sista? Hiyo inashuka na sukuma?" nilimkatiza. Wenzangu walicheka hadi machozi.

Akanimiminia. "Onja na hiyo samaki, bro. Alafu uongee."

Nilionja. Uchachu uliyakata mafuta ya samaki sawasawa, na asali ikafuata, kama alivyosema. Nikawatangazia kuwa ni siki ya mabepari, na Mwende ni kasuku wao.

Aliimwaga chupa yote kwenye sinki. Amesema kesho haendi. Ningeweza kubisha mlango wake sasa hivi nimwambie ukweli, lakini...

Tunakutana tena kesho saa mbili asubuhi, hapa hapa kwetu. Chai atapika Mwende.