Bia Imepoteza Ladha, Rafiki Hapokei Simu

Mshauri wetu mpendwa, nisaidie, na tafadhali usinicheke, au kama kicheko kitakushinda basi cheka ukishamaliza kusoma, maana jambo hili limenikaa kifuani wiki ya tano sasa na mtu ambaye ningemwambia ndiye huyohuyo niliyemkosea.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na nne, kazi yangu ni kutengeneza simu, nina kibanda chenye meza moja na taa ya kuinama, na kila ninachokijua nimejifundisha mwenyewe, simu nilijifunza kwa kuharibu za watu wa nyumbani, gitaa nilijifunza nikaliacha, kufuga kware nilijifunza wakafa, halafu mwaka jana nikakutana na video ya mzee mmoja anapika bia jikoni kwake, bia kabisa, ya kimea na yale maua makavu machungu yanayoipa harufu, nikasema hii hapa, hii ndiyo yangu, na wiki nzima wateja wakawa wananiuliza simu zao mimi nawaambia habari za hamira.

Naishi kwa mama yangu mdogo, fundi cherehani, na nyuma ya chumba chake cha kushonea kuna stoo ya vitambaa, akaniruhusu niitumie, ila akaniambia, "Ikilipuka humo ndani, utafua vitambaa vyangu vyote kwa mkono wako, na vya wateja utavilipia kwa machozi." Mwenzangu katika kazi hii alikuwa rafiki yangu wa tangu darasa la pili, fundi baiskeli, mtaani tunamwita Spoku kwa sababu ni mwembamba kama waya wa gurudumu, na Spoku hajatazama video hata moja lakini alichukua uma wa baiskeli mbovu na springi, akakata akachomelea, siku ya pili akaniletea mashine ya kubana vifuniko vya chupa, unashusha mkono, tap, kifuniko kimeshika. Mimi nilikuwa napika, yeye anabana. Yeye ndiye aliyenipa jina la Mwalimu, kwa utani, maana kila kitu nilikuwa nakieleza.

Bia ya kwanza tuliinywa ikiwa na wiki tatu tu, na mshauri, sijui nikuelezeje, ilinukia ganda la chungwa, ilikuwa na uchungu mzuri ule wa kukufanya utake funda lingine, hata mama mdogo ambaye hasifu kitu alishika glasi akaniangalia akasema, "Hii umetengeneza wewe, au umeinunua ukabandua karatasi?" Nikavimba kichwa. Basi dada yangu mkubwa alikuwa anakaribia kumaliza masomo ya ukunga, na nyumbani wameandaa sherehe, nikasema bia ya sherehe ni juu yangu, chupa sabini, na nitaipika mapema kabisa ili ikae ikomae, maana niliwahi kuona video ya mvinyo wakisema unavyokaa ndivyo unavyokuwa mtamu.

Siku ya kutia kwenye chupa nilikuwa na furaha ya kupitiliza. Video inasema hamira inataka hewa, umwage kwa nguvu mpaka povu lipande, na siku ya kupika nilifanya hivyo, sasa hii ilikuwa sherehe kubwa nikaona nirudie ili iwe nzuri mara mbili, nikawa naimwaga kutoka ndoo hii kwenda ile, kutoka juu, mara tatu, povu jeupe, na simu nimeitega kwenye rafu inarekodi. Spoku akasema, "Mwalimu, mbona unaipoza kama chai na haina moto?" Nikamwambia, "Wewe shughulika na vifuniko, huku kuna sayansi." Tukacheka sote. Tukatia kwenye chupa nyeupe za kuonekana ndani, nikazipanga kwenye rafu chini ya dirisha ili wanaokuja kupima nguo wazione zikiwaka kama asali.

Wiki mbili sikuzigusa. Baada ya hapo kila Jumapili nilikuwa nafungua moja, naonja funda moja au mawili, nabana tena kifuniko kipya na kuirudisha mstari wa nyuma, maana kumaliza chupa nzima peke yangu niliona ni ulafi, Jumapili nane zote hivyo mpaka sherehe. Mwanzoni ilikuwa safi. Jumapili ya tatu harufu ya chungwa nikawa naitafuta. Ya sita ikawa imepoa, tamu kidogo, ladha ya boksi lililonyeshewa mvua. Sikumwambia mtu, nilijiambia ni mdomo wangu, nina mafua. Halafu wiki ya sherehe mama mdogo akahamisha chupa ili atoe majora ya vitambaa, na nilipokuwa nazirudisha nikaona baadhi zimepungua shingoni, kama saba au nane hivi, na mshauri, shetani akanikalia begani, nikaanza kufikiri, nani mwingine ana ufunguo wa stoo? Spoku. Anaingia kufanya nini? Anasema anaitia mashine mafuta. Mafuta kila wiki?

Sherehe ikafika. Uani viti vimejaa, dada amevaa sare yake mpya na viatu vinavyombana, anacheka hata hivyo, Spoku anazunguka na kifungulio anawafungulia watu chupa. Mjomba akaonja, akaiangalia glasi kama aliyeona nzi, akasema kwa upole tu, "Si mbaya. Ni kama maji yaliyopita karibu na bia." Watu wakaangua kicheko, na mimi masikio yakawaka, nikasikia sauti yangu inasema mbele ya wote, "Muulizeni huyo mwenye ufunguo wa stoo. Atawaambia nani amekunywa bia akajazia maji."

Kicheko kikakatika. Spoku alikuwa ameshika chupa, akaiweka mezani taratibu, akajifuta mikono kwenye suruali, akaniangalia. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Sawa, Mwalimu." Akamgeukia dada akamwambia, "Hongera sana, mkunga wetu," akatoka. Dada akaniambia neno moja ambalo mpaka leo nalisikia: "Siku yangu umeitumia kumvua mtu nguo."

Kesho yake nikiwa kibandani Spoku alikuja nyumbani, mama mdogo anasema aliingia stoo, akaomba kipande cha kitambaa, akaitia mashine mafuta, akaifunga kwa kitambaa hicho, akaweka ufunguo juu yake akaondoka. Tangu hapo simu hapokei. Nikipita karakana kwake anainama nyuma ya gurudumu.

Sasa naomba unijibu. Je, bia ikitiwa maji ndiyo inakuwa na ladha ya boksi? Zimebaki chupa thelathini na moja, naweza kuzirudishia ladha nikiongeza maua au sukari? Nizihifadhi vipi zisizidi kuharibika? Kuna njia ya kupima ili nijue kwa hakika kama Spoku alifanya, maana upande mmoja wa moyo unaniambia hakufanya? Na kama hakufanya, huu uso wangu niupeleke wapi?

Ni mimi, Mwalimu asiye na mwanafunzi.

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, umeniuliza maswali matano na manne ni ya bia. Lile la tano umelitupia mwishoni kama mtu anayesahau mwavuli. Nitaanza na hayo manne ili tuyamalize, maana najua bila hivyo hutanisikiliza.

Mimi sipiki bia. Nilimsomea barua yako jirani yangu, mstaafu aliyefanya kazi kiwanda cha bia miaka ishirini na miwili. Nilipofika pale pa kumwaga kutoka juu mara tatu aliniambia, "Simama hapo, rudia." Nikarudia. Akavua miwani akajifuta macho, sikujua kama anacheka au analia. Akasema, "Mwambie hakuna aliyetia maji. Kaiua mwenyewe kwa hewa, na akapiga na picha ya mauaji."

Hamira inataka hewa siku ya kwanza tu, kabla haijaanza kazi. Bia ikishaiva, hewa inakuwa adui. Haiiharibu siku hiyohiyo, na ndiyo maana hukushtuka. Inaila polepole, kwanza harufu ya maua, halafu uchungu unapoa, halafu unabaki na boksi lako la mvua. Ukaongeza chupa nyeupe dirishani, jua likaimaliza. Na bia ya kunukia maua hainywewi kama mvinyo, inanywewa ikiwa changa. Ile ya kwanza iliwapatia sifa kwa sababu mliimaliza kabla haijafa.

Hizo thelathini na moja hazifufuki. Zimwage. Na nakukataza kabisa kuongeza sukari, hamira iliyobaki humo itaamka, chupa zitapasuka, na mama yako mdogo alishakuambia nani atafua. Ukipika tena, tumia mpira mwembamba wa kupitishia maji, uufikishe chini kabisa ya chupa, bia ipande bila kelele wala povu. Chupa za rangi nyeusi au kahawia. Ziweke kwenye boksi lililofunikwa, sakafuni penye ubaridi, na ndani ya mwezi mmoja muwe mmezinywa. Ukifungua ya kuonja, imalize au mpe jirani. Usirudishe.

Sasa hapo pa kurudisha nataka ukae chini. Umeandika kwa mkono wako kwamba ulifungua chupa moja kila Jumapili, ukapiga mafunda mawili, ukaibana na kuirudisha. Jumapili ngapi? Nane. Mistari michache baadaye unaniambia ulikuta chupa zimepungua. Ngapi? "Saba au nane hivi." Mwanangu! Mwizi uliyekuwa unamtafuta ndiye aliyekuwa anaandika barua.

Naona umeumia, na naamini majuto yako si ya kuigiza. Lakini bado hujaona kubwa. Rafiki yako aliiona kasoro siku ileile. Alikuuliza mbona unaipoza kama chai na haina moto. Ukamjibu kwamba kuna sayansi. Wiki kumi baadaye ukamwita mwizi mbele ya ukoo wako na majirani, na yeye jibu alikuwa nalo mdomoni. Angesema tu, "Nilikuambia usiimwage hivyo," na watu wote wangekugeukia wewe. Hakulisema. Alikuachia heshima yako mezani pamoja na ile chupa, akampongeza dada yako, akaenda zake. Wewe umemlipa nini? Unataka kipimo cha kujua kama ni mwizi.

Unaniuliza uso uupeleke wapi. Upeleke karakana. Nenda mchana, wateja wakiwepo, kwa sababu ulimsingizia mbele za watu. Sema, "Nilikusingizia. Bia niliiharibu mimi, na wewe uliniambia." Hapo nyamaza. Usianze kumfundisha habari za hewa na hamira, nakujua. Usiseme "lakini". Usimletee bia wala zawadi. Kabla ya hapo mpigie mjomba wako na kila aliyekaa kwenye vile viti, uwaambie maneno hayohayo, na dada yako mwombe radhi ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu.

Mashine usimpelekee. Ukiibeba ukamrudishia, atadhani unafunga hesabu za urafiki. Beba ufunguo wa stoo tu, umpe mkononi. Akiukataa, ana haki, uuweke kwenye benchi lake uondoke, na uache kumpigia simu kila saa kama kampuni ya matangazo. Siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Kuna watu wakivunjiwa heshima namna ile hawarudi, na hutakuwa na wa kumlaumu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mtu aliyekuchoka kabisa angebeba chombo chake alichokichomelea mwenyewe, au angekiacha kishike kutu. Huyu alikitia mafuta kwanza.

Na ile video uliyorekodi, usiifute. Kabla hujatoka nyumbani ifungue, ongeza sauti, msikilize akikuuliza lile swali la chai. Mpaka leo hujamjibu. Nenda kamjibu.